Kijiko cha Pili

Kila mwaka, mvua kubwa zikishakatika na matunda mapya kuanza kuingia sokoni, fundi mapazia wa ghorofa ya tatu aliifunika cherehani yake Jumamosi moja nzima na kuigeuza meza ya kukatia vitambaa kuwa baa. Si baa ya kuuza. Ya ndugu tu, na majirani wawili watatu wenye pua ndefu. Mkasi mkubwa ulitundikwa msumarini, mapande ya kitambaa yakasukumwa chini ya kitanda, na mezani pakapangwa mananasi, pesheni, ndimu, machungwa, tikiti maji, fungu la nanaa linalodondosha maji, na chupa mbili za pombe kali alizozificha mwaka mzima nyuma ya maboksi ya pete za mapazia. Juisi aliichuja mara tatu, tena si kwa chujio la dukani. Alitumia kipande cha neti ya pazia, ile nyeupe nyepesi, alichokichemsha mpaka kikalainika. Ndiyo maana ukoo mzima ulimwita Chujio, naye aliitika.

Kokteli zake hazikuwa na majina ya vitabuni. Kulikuwa na Shemeji Kachelewa, ya tikiti maji na ramu, kukumbuka siku shemeji yao alipofika kwenye harusi yake mwenyewe wakati wapishi wanaosha masufuria. Kulikuwa na Mwenye Nyumba, ya ndimu tupu bila hata chembe ya sukari, na aliyewahi kupanga kwa yule mzee hakuhitaji maelezo. Kila glasi ilitolewa pamoja na kisa chake. Ukitaka kunywa bila kusikiliza, Chujio alikuambia maji yapo bombani.

Ya mwisho kabisa ilikuwa Kijiko cha Pili. Hiyo hakuifanyia mzaha.

Mama yao alilala wiki kumi na moja kabla ya kufariki, katika chumba kilekile chenye cherehani. Dawa zilimharibu ulimi. Kila kilichoingia kinywani, alisema, kilikuwa kama kulamba msumari. Uji aliukataa, supu aliikataa, chai ikiletwa aligeukia ukutani. Chujio alishona mguu ukiwa kwenye cherehani na sikio likiwa kitandani, kisha akaingia jikoni kujaribu hiki na kile, na vingi vikaishia kumwagwa. Asubuhi moja akapatia: pesheni iliyochujwa mara tatu, maji ya chungwa, asali ya ncha ya kidole, majani mawili ya nanaa. Mama alimeza kijiko kimoja, akafumbua macho, akasema, "Hiki nakisikia." Halafu akaomba kijiko cha pili.

Pombe ya jini iliongezwa baadaye, kwa ajili ya wazima. Kisa kiliishia hapo kila mwaka, na kila mwaka mjomba wao alitoa leso na kulalamikia vumbi.

Aliyekisikiliza kwa makini kuliko wote alikuwa mdogo wake Chujio, kitinda mimba wa nyumba ile. Alikuwa na sababu. Katika wiki zote kumi na moja hakutia mguu. Alikuwa akifanya kazi mji mwingine, kwenye baa, na kila alipotafutwa alikuwa na zamu, au amemshikia mwenzake zamu, au simu iliita mpaka ikakata. Alifika siku ya mazishi na miwani myeusi, akalia kuliko wafiwa wote mpaka watu wakamshika mabega. Chujio hakumsema hata neno moja. Usiku ule walilala kitanda kimoja, na mdogo mtu akapewa upande wa ukutani kama zamani.

Miaka miwili baadaye mdogo mtu alihamia karibu, akawa mchanganyaji wa vinywaji katika hoteli kubwa ya mjini kwao. Tangu hapo hakukosa Jumamosi ya matunda. Alikaa pembeni ya meza na simu mkononi, akiuliza na kuandika. Asali kiasi gani? Nanaa unaiponda au unaipiga kofi tu kiganjani? Mama alikuwa amelalia ubavu gani? Chujio alimjibu yote. Alidhani mdogo wake anamtafuta mama aliyemkosa, akaona si vibaya kumsaidia kumtafuta.

Mwaka huu hoteli ile ilitaka mapazia mapya ya ukumbi wa chakula, na mdogo mtu ndiye aliyempeleka dada yake kwa meneja. Chujio alishukuru mpaka akaona haya. Madirisha tisa, kitambaa kizito cha rangi ya udongo, neti nyeupe kwa ndani. Alishona wiki tatu mgongo ukimuuma, na siku ya kutundika alifika asubuhi, viti bado vimepinduliwa juu ya meza na sakafu ikinuka sabuni.

Alipomaliza dirisha la nne alishuka ngazi kutafuta pini aliyoiangusha. Meza iliyokuwa karibu ilikwisha kuandaliwa, na juu yake palikuwa na kadi mpya, ngumu, zenye picha ya pesheni iliyokatwa katikati. Vinywaji vya msimu. Akaichukua moja, mradi tu kupumzisha miguu.

"Kijiko cha Pili," kadi ilisema. "Nilimuuguza mama yangu wiki kumi na moja. Dawa zilikuwa zimemnyang'anya ladha ya kila kitu. Asubuhi moja nilimtengenezea hiki kwa mikono yangu. Akafumbua macho, akaniambia: Hiki nakisikia. Halafu akaniomba kijiko cha pili." Chini yake palikuwa na sahihi ya mdogo wake, ile yenye mkia mrefu aliyoanza kujifunza akiwa darasa la sita.

Alisoma mara tatu, kidole kikifuata mstari. Angeibiwa mapishi tu, angecheka. Pesheni na chungwa havina hatimiliki. Lakini zile wiki kumi na moja alizijua kwa shuka alizofua, kwa mgongo wenye vidonda aliougeuza kila baada ya saa mbili, kwa harufu ya chumba ambayo haikutoka hata alipopaka rangi upya. Sasa zilikuwa za mtu mwingine, tena zimechapwa kwenye kadi inayong'aa. Alihisi ameporwa mchana kweupe na mtu ambaye yeye mwenyewe alimfungulia mlango.

Mdogo mtu akatokea mlango wa jikoni na trei ya glasi. Akaiona kadi ilipo. Akaiweka trei polepole.

"Dada, nilikuwa nataka kukuambia."

"Lini?"

"Nilikuwa natafuta nafasi nzuri."

"Umekaa mezani kwangu miaka mitatu. Ulikuwa unasubiri nafasi gani?"

"Ni maneno ya kwenye kadi tu. Wateja wanapenda kinywaji chenye stori. Nikianza kuandika dada yangu alifanya hiki, dada yangu alifanya kile, inakuwa ndefu."

"Ndefu," Chujio alirudia.

"Na yule alikuwa mama yangu pia, dada."

"Mama ni wako. Mashuka je?"

Mdogo mtu akasogea, akamshika mkono, sauti ikashuka. "Sikiliza. Meneja anakuja kuonja sasa hivi. Akikipitisha, ananipa usimamizi wa baa yote. Nimeingoja hii miaka. Nakuomba usiniharibie leo, nyumbani utanisema mpaka uchoke." Akainua glasi moja kutoka kwenye trei. "Halafu kuna kitu hakijakaa sawa. Nimefuata kila ulichoniambia, lakini sicho kile. Nini kimepungua?"

Hapo, jamani, ndipo mwingine angemwangushia ngazi. Mtu kakuvua nguo, bado anakuuliza vifungo viko wapi.

Kilichopungua Chujio alikijua. Lilikuwa ganda la chungwa. Kila mwaka alilibabua juu ya moto wa jiko mpaka likatoka jasho, kisha akalipitisha kwenye mdomo wa glasi. Hakuwa amelificha, kazi hiyo aliifanya kabla wageni hawajafika, na mdogo wake siku zote alifika glasi zikiwa mezani. Akaokota pini yake.

Meneja aliingia, mtu mnene mwenye haraka, miwani ikining'inia shingoni. Alionja, akasoma kadi, akaonja tena. Alipokumbushwa kwamba fundi mapazia ni dada wa tumbo moja, alimgeukia kwa furaha kabisa.

"Basi wewe ni shahidi. Ndivyo ilivyokuwa kwa mama?"

Mdogo mtu alishika ukingo wa meza. Neno moja lingetosha, na Chujio alikuwa nalo mdomoni. Alilitaka kulisema. Alitaka kuona ile kadi ikichanwa.

Lakini kulikuwa na kipande cha kisa ambacho hakuwahi kukisimulia, mwaka hata mmoja. Alikikata kama anavyokata ukingo wa kitambaa uliochakaa, akakunja upindo juu yake. Mama, macho yakiwa yameshaishiwa nguvu ya kuona, kila asubuhi alikuwa akiuliza, "Mdogo wako amefika?" Na kila asubuhi Chujio alisema, "Yuko njiani." Siku ile ya kinywaji, baada ya kijiko cha kwanza, mama aliuliza tena. Chujio alikuwa amechoka, magoti yakimwaka, na hakuwa na njia nyingine ya kumfurahisha. Akasema, "Amefika, mama. Yuko jikoni. Hiki katengeneza yeye." Ndipo mama alipoomba kijiko cha pili. "Mwambie ahsante," alisema. Kuanzia siku ile mpaka siku ya mwisho alikunywa kutoka mkono wa mkubwa na kumshukuru mdogo. Hilo lilimuuma Chujio kuliko kifo chenyewe, na hakumwambia mtu.

"Ndiyo," alimwambia meneja. "Mama alikinywa akijua katengeneza huyu."

Meneja akafurahi. Alisema harufu bado inataka kitu kidogo, warekebishe, lakini kimepita. Akaondoka akivaa miwani.

Mdogo mtu alimfuata dada yake mpaka dirishani. "Umenisitiri, dada. Sitasahau."

"Sijakusitiri. Nimesema kweli."

Akamweleza yote, akiwa amesimama kwenye ngazi, neti imemlala begani. Maswali ya kila asubuhi. Uongo wa jikoni. Ahsante zilizopita juu ya kichwa chake kila siku kwenda kwa mtu asiyekuwepo. Mdogo mtu alikaa kwenye kiti cha karibu. Safari hii hakuwa na miwani, na machozi yalidondoka mpaka kwenye aproni.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikupigia. Ilikuwa inaita tu."

Moyo wa Chujio ukalainika. Alimwona tena mtoto wa upande wa ukutani, akafikiri kwamba labda sasa amefika kweli, amechelewa tu. Akashuka ngazi, akampangusa uso kwa kipande cha neti, na bila kuombwa akamwambia habari ya ganda la chungwa. Alimwonyesha kwa vidole namna ya kulizungusha juu ya moto lisiungue.

Kitambaa kilipungua kwa dirisha la mwisho, ikabidi arudi baada ya wiki. Alipoingia ukumbini harufu ilimpokea mlangoni: ganda la chungwa lililobabuliwa, barabara kabisa. Alitabasamu. Kwenye meza kulikuwa na kadi mpya. Alifikiri mdogo wake ameirekebisha, akaichukua kwa mikono miwili.

Picha ilikuwa ileile. Sahihi ileile, mkia uleule. Maneno yalikuwa yameongezwa mawili matatu.

"Kila asubuhi mama aliniulizia mimi. Alipojua ni mkono wangu, ndipo alipoomba kijiko cha pili."

Kule nyuma ya kaunta mdogo mtu alikuwa akimwelekeza mhudumu mpya, beji ya usimamizi kifuani. Alimpungia dada yake, akaashiria kwamba ana wateja. Chujio akairudisha kadi mahali pake, akainyoosha ikae sawa na nyingine. Akapanda ngazi na kutundika pazia la tisa. Alipofika nyumbani hakukumbuka amepita njia gani.

Jumamosi ya matunda ilifika kama kawaida. Meza ilipangwa, neti ikachemshwa. Walicheka na Shemeji Kachelewa, na shemeji mwenyewe akaja mwisho kama desturi yake. Kigoda cha pembeni kilibaki kitupu. Mdogo mtu alikuwa amepiga simu kusema ana zamu. Ilipokaribia jioni mjomba alijisogeza kwenye kiti, leso tayari mkononi.

"Haya, Chujio. Tupe kile cha mama."

Chujio alikuwa anakata ndimu. Hakuinua kichwa.

"Hicho hakipo hapa, mjomba. Nendeni hotelini. Mwenyewe yuko huko."

Mjomba akaikunja leso yake, asijue aipeleke wapi, na Chujio akawamiminia wote Mwenye Nyumba.