Nta ya Jirani

"Jirani, niambie ukweli, wale watoto wako wanakanyaga kwa ncha za vidole kwa sababu sakafu ni ya moto?"

Swali hilo Mama Vidole aliulizwa zamani, siku jirani yake alipopanda ngazi kuja kuazima nyundo, akachungulia mlangoni. Hakuudhika. Alimvutia kiti, akamweleza kuwa sakafu ni baridi kama sakafu nyingine, na kwamba ile ndiyo baleti, dansi ambayo mtu hujifunza miaka mingi ili aonekane hana uzito. Jirani alikaa mpaka darasa likaisha. Nyundo aliisahau kabisa. Baadaye alimleta mjukuu wake, na tangu hapo akajifanya mwenyeji: yeye ndiye aliyewapokea wazazi wageni mlangoni na kuwaonya wasicheke.

Mama Vidole alikuwa mwanamke mfupi, shingo ndefu, sauti ya chini. Ukumbi wake ulikuwa juu ya ghala la mbao, na kazi aliachiwa na mwalimu wake aliyezeeka. Mchana ilikuwa shule ya watoto, jioni walikuja wachezaji wakubwa, wale wa kundi linalokwenda kucheza majukwaani. Yote aliyaongoza yeye, na hapo ndipo watu walipopata shida kuamini. Fundi umeme akija, alimpita kama anayepita meza, akaenda moja kwa moja kumwamkia mpiga piano. Mpiga piano, bila kuinua mikono, alimwelekeza kwa kidevu kwamba bosi ni yule aliyeshika ufagio.

Mumewe alikuwa dereva wa lori. Akipumzika alikaa kwenye benchi la ukumbini akishona riboni za viatu kwa vidole vyake vinene. Madereva wenzake walimtania kuwa ameolewa. Alikubali, akasema tena ameolewa kwa heshima zote, na anayemwonea wivu akatafute sindano yake.

Kila darasa Mama Vidole alilianza kwa dua fupi, maana aliamini kifundo cha mguu ni amana ya Mungu, na aliyekabidhiwa vifundo vya watoto wa watu hana ruhusa ya kuzembea.

Sasa ukafika mwaka ambao mzee mwenye jengo, muuza mbao wa kule chini, alianza kutengeneza vitanda. Akautaka ukumbi aviweke. Hakuwa mtu mbaya, ila hakuona faida ya watu kurukaruka juu ya kichwa chake. Mama Vidole alimsihi aje Jumamosi atazame onyesho moja tu, ndipo aamue. Mzee akakubali, akatahadharisha kwamba hapendi kusubiri wala hapendi viti vigumu.

Habari zilimfikia jirani, na usingizi ukamruka. Maisha yake yote alikuwa amesafisha ofisi za benki, na alisifika kwa sakafu ambazo mtu angeweza kuhesabu meno yake ndani yake. Alijiambia, kama mzee anakuja kukagua, basi akute ukumbi uking'aa. Jumamosi asubuhi na mapema alimfuata mume wa Mama Vidole, akamwomba ufunguo, akimbembeleza asimwambie mkewe kwa kuwa ni zawadi. Akapanda na kopo la nta na matambara. Alipiga magoti, akapaka, akasugua mpaka mbao zikawa kama kioo.

Pembeni kulikuwa na kisanduku cha mbao chenye unga wa manjano, ambacho kila siku aliwaona wachezaji wakikikanyagakanyaga kabla ya kucheza. Siku zote alikiona ni aibu kwa rafiki yake. Akaumwaga ule unga jalalani, akakiosha kisanduku, akakianika.

Wa kwanza kufika alikuwa Twiga, mchezaji mkuu, binti mrefu wa miguu mirefu. Alivaa viatu, akatia mguu ndani, akasafiri kwa makalio mpaka kwenye piano. Jirani akapiga makofi, akidhani ni mazoezi.

Mama Vidole alisimama mlangoni. Aliitazama sakafu, akakitazama kisanduku kitupu, akayatazama magoti ya jirani yake yaliyovilia damu kwa kusugua. Akamwomba Mungu ampe maneno kabla hasira haijampa ya kwake.

"Jirani," alisema, "hujawahi kunipa kitu kizuri kama hiki. Sasa nisaidie kukiondoa."

Akamweleza taratibu. Ule unga ulikuwa ulimbo wa miti uliosagwa, nao ndio unaokifanya kiatu kishike sakafu. Bila ulimbo, na juu ya nta, mtu anayesimamia kidole atavunjika mguu. Jirani alijifunika uso na tambara lake, akasema amemfukuzisha mwenzake kwa mikono yake mwenyewe. Mama Vidole alimpa brashi.

Basi wote wakapiga magoti na maji ya moto, sabuni na siki: wachezaji, wazazi, mpiga piano kakunja suruali, mume wa Mama Vidole akisugua na kujilaumu kwa ule ufunguo. Nta ilitoka, lakini mbao zilibaki na utelezi, na ulimbo wa kununua haukupatikana karibu.

Mzee, kwa kuwa hapendi kusubiri, alifika mapema. Alikuta kundi zima limeinama, makalio juu, nguo nyeupe zimefungwa viunoni. Akaketi, akatazama kwa makini, kisha akamuuliza jirani kama onyesho ndilo hilo, maana lilikuwa limeanza kumpendeza. Jirani hakuweza kudanganya. Alimsimulia kila kitu, akamwomba kama ni kufukuza, amfukuze yeye asikanyage tena pale, watoto awaache.

Mzee aliinama, akaipapasa sakafu kwa kiganja kama anayekagua ubao.

"Ni ulimbo tu uliowakwamisha?"

Akateremka ghalani. Aliporudi alikuwa na kopo kubwa la ulimbo mkavu, ambao kwa miaka mingi aliubandua kwenye mbao za misonobari ili kuzibia ndoo zinazovuja. Akaulizia nyundo. Jirani alijua ilipo, kwani ilikuwa ikimsubiri tangu siku ile. Mzee akaketi chini na koti lake, akauponda ulimbo mwenyewe mpaka kisanduku kikajaa.

Wachezaji wakakikanyaga, kru, kru, kru. Piano ikaanza. Twiga alipanda juu ya kidole kimoja, akatulia pale, wala hakuteleza. Mzee hakutazama mikono wala nyuso, alitazama miguu tu, kama mtu ambaye mali yake iko chini yake. Kila mchezaji alipotua, mzee aliitikia kwa kichwa. Kabla onyesho halijaisha alikuwa akimnong'oneza mzazi wa pembeni kwamba huo ni ulimbo wake.

Makofi yalipotulia, alimwita mume wa Mama Vidole, akamwambia Jumatatu alete lori, vitanda vitatafutiwa pengine pa kulala. Kisha akamgeukia Mama Vidole, akamuuliza kama ana shida nyingine, labda rangi ya ukuta au taa, aseme leo moyo wake ukiwa mweupe.

Wazazi walimkonyeza aombe kubwa. Yeye alimtazama jirani, aliyekuwa mlangoni akifunga kopo lake la nta kwenye mfuko, tayari kuondoka kimyakimya.

"Naomba kopo lako la ulimbo libaki huku juu," alisema, "na jirani yangu ndiye alitunze."