Macho ya Bhoke

Teresa Nyarangi alikuwa wa kuamka kabla ya jogoo. Aliolewa Oyugis kutoka upande wa Nyamira, na kwa miaka saba ni yeye peke yake aliyeuza uji wa wimbi upande wa juu wa soko. Hakuna aliyeuliza kama uji wake ni mtamu, maana hapakuwa na mwingine wa kuupima nao.

Mwaka wa tisini na tano akaja Bhoke, Mkuria kutoka Isebania, na binti yake Helen. Akaweka jiko hatua kumi kutoka kwa Teresa.

Teresa ni Msabato. Jumamosi jiko lake lilikuwa baridi. Wateja wakaenda kwa Bhoke kwa shida ya Jumamosi, wakabaki kwa raha ya Jumatatu. Hata Jumapili, Bhoke akiwa misa na Teresa amebaki mwuzaji peke yake, watu walisema, "Wacha tungoje kesho."

Wivu ukamkaa Teresa kama mwiba wa samaki kooni, hautemeki, haumezeki. Alimchukia Bhoke kwa alivyofunga leso, kwa kicheko chake, hata kwa mwiko wake. Naye Valentine, binti yake wa miaka tisa, aliyekaa dawati moja na Helen, akazidisha.

"Mama, uji ya mama Helen iko na ndimu!"

"Basi hamia huko, ukalale huko."

Ratemo wa mkokoteni naye alikuwa na mdomo. "Mama Vale, nikiinamia hii uji naona meno yangu. Ongeza unga!"

Jumatatu moja alfajiri Teresa alimwaga mabaki ya Jumapili ndani ya uji mpya. Valentine, akivaa sare, akakunja pua.

"Nyamaza," Teresa akasema. "Moto unaua kila kitu."

Saa mbili mzee Mosoti, mteja wake wa mwisho mwaminifu, akashika tumbo na kutapika. Watu wakamgeukia Teresa. Bila kupanga, akausikia mdomo wake ukisema, "Huyo mama alikuwa anaangalia kikombe cha mzee. Hamuoni macho yake?"

Hapo Oyugis hapakuhitajika maelezo. Wajaluo wanaita sihoho: mtu mwenye macho hayo akitazama chakula chako, chakula kinakugeuka tumboni. Siku hiyo wateja wa Bhoke walikunywa wakimpa mgongo. Kufikia Alhamisi hawakunywa kabisa. Teresa akamaliza sufuria mbili kwa siku, na ule mwiba ukalegea.

Ijumaa Valentine alirudi na chakula chake cha mchana hakijaguswa.

"Mbona hukula?"

"Helen anakula akiangalia ukuta."

"Nani amesema?"

"Watoto wote. Wamenitoa kwa dawati letu, wakaligeuza. Wanasema ana macho ya mamake. Leo alikuwa analia na anakula, analia na anakula." Akamtazama mama yake. "Si mzee Mosoti alikunywa ile uji ya kulala?"

"Wachana na mambo ya wakubwa."

"Helen si mkubwa."

Teresa akageukia sufuria. Hata hapo roho ilimuuma: mtoto wake mwenyewe anamlilia mtoto wa Bhoke!

Jumatatu, kabla ya shule, Valentine alichota kikombe cha uji wa mama yake, akatembea zile hatua kumi, akasimama mbele ya Bhoke.

"Mama Helen, niangalie nikikunywa."

"Toka, mtoto. Usiniongezee."

"Angalia na kikombe."

Bhoke akainua macho. Watu wakasogea kuona. Valentine akapeleka kikombe mdomoni, na Teresa akajikuta anakimbia.

"Usinywe!"

Akamkamata mkono, uji ukawamwagikia miguuni.

"Mmeona?" Ratemo akasema. "Hata yeye anaogopa."

Teresa akasimama pale, uji ukimchoma vidole. Ameogopa uongo alioutunga mwenyewe! Valentine alikuwa anamtazama, hana hasira, anangoja tu.

"Hana macho," Teresa akasema. "Mzee alitapishwa na uji wangu uliolala. Nilichanganya mimi. Nilimwonea huyu mama wivu."

Mzee Mosoti akatema mate kando, akaondoka. Bhoke hakumkumbatia mtu.

"Umesema sokoni," alisema. "Mtoto wangu hasomi sokoni."

Saa sita Teresa akasimama mbele ya darasa la tatu, akayarudia yote. Huko kulikuwa kugumu zaidi, maana watoto huuliza.

"Kwa nini ulidanganya?"

"Kwa sababu uji wake ni mtamu kuliko wangu."

Wakacheka mpaka mwalimu akagonga meza. Valentine akashika upande mmoja wa dawati, Helen wa pili, wakaligeuza.

Teresa aliporudi sokoni, foleni ya Bhoke ilikuwa ndefu hata mtu wa mwisho ameegemea meza ya Teresa. Roho ikamuuma vilevile.

"Sogea, shemeji," akasema. "Niwashe moto."