Muujiza wa Maji katika Gari ya Pasta

Municheke, lakini mungoje nimalize. Mi natengenezaka baiskeli za kabaza, zile za kubeba abiria, hapa kambini Dzaleka. Tairi ikivuja, naziba. Sasa Pasta wetu akaniletea gari: klima inatoa baridi muzuri, lakini inadondosha maji chini.

"Ndugu, utaiweza?"

"Pasta, kitu kikivuja kinazibwa tu!"

Nikaingia chini ya gari, nikaona kampira kanatoa maji. Nikapasua kipande nyuma ya shati langu la kitenge, pale penye picha ya nanasi, nikakisukumia ndani, nikakaza na raba ya tairi. Maji yakakatika. Pasta akanibariki, akanipakia pamoja na Mama Pasta na bamama ba korali, tukaelekea Lilongwe, klima inapuliza mpaka meno yanagongana.

Karibu na soko la Tsoka, Mama Pasta akalia: "Yesu! Maji!" Miguu yake ilikuwa imelowa, na inje jua kali, hata wingu moja hakuna. Akaonja. "Ni baridi! Ni muujiza!"

Pasta akasimamisha gari. Bamama bakaimba. Batu ba soko bakakuja na machupa. Mi njo nilikuwa wa kwanza kupiga magoti kwenye mulango, nachota, nalia machozi.

Dereva moja wa minibasi akainama chini ya gari, akavuta kitu. Maji yote yakamwagikia viatu vyake. Wimbo ukakatika. Akainua kitambaa cha kijani, akakiangalia, akakuja nyuma yangu, akakibandika kwenye tundu la shati langu.

Nanasi la kitenge likapata majani yake.