Gari ya Viti Viwili

Supakari ya kwanza niliyoiona kwa macho yangu iliingia Bunia ikiwa imelala juu ya kamyo yangu. Ndiyo maana sikuiheshimu. Gari yenye kubebwa na gari ingine utaiita nini? Mimi niliiita muzigo.

Ilitoka upande wa Ariwara, imefunikwa turubai, shofere wangu ameifunga kamba kama ng'ombe wa kupeleka sokoni. Tukaishusha kwa mbao pale Mudzipela ninapoegesha kamyo zangu, watu wengi wakipiga kelele, kila mutu na shauri lake. Turubai ikatoka. Gari nyekundu, ya chini kabisa, mudomo karibu na udongo kama chura anayetaka kuruka. Mwenyewe alikuwa kijana Mwislamu anayenunua dhahabu kule migodini, mutu wa adabu, anakusalimia kwa mikono miwili. Akaizunguka akiipapasa.

"Alhamdulillahi, muzee. Haikukwaruzika."

"Itakwaruzika wapi, nayo imelala njia yote? Mwenye kuchoka ni kamyo."

Watu wakacheka. Naye akacheka, na hapo nikamupenda kidogo.

Mimi sikusoma sana, na sioni haya kuliandika. Nilifika mwaka wa tatu nikatoka. Nikaanza kubeba magunia, halafu kulala juu ya magunia njiani ili yasiibiwe, halafu kushika usukani, halafu kununua kamyo yangu mwenyewe, nzee, yenye milango ya kufunga kwa kamba. Leo niko na tatu, pamoja na jeep moja. Ile ya kwanza bado inatembea. Kwa hiyo mutu akinielezea habari ya gari bora namusikiliza, lakini namusikiliza nikiwa nimekaa.

Karibu na kamyo zangu kuna mama anayeuza chai na mayai ya kukaanga, na wamotari, wale wa kubeba watu kwa pikipiki, wanapenda kukaa kwake asubuhi wakingojea abiria. Kesho yake hapakuwa na habari ingine. Nikawauliza: "Nielezeni basi. Gari inakuwa na nini mpaka inaitwa supakari?"

"Mbio, muzee!" motari mumoja akasema. "Ile inapiga troasan. Mia tatu kwa saa!"

"Wapi?"

"Wapi nini?"

"Itapiga mia tatu wapi? Toka hapa mpaka Bogoro unajua mashimo yako mangapi?"

Mwenzake akaingilia: "Si mbio tu. Ni bei. Supakari ni ile ukisikia bei unakaa chini."

"Basi hata jeneza ya tajiri ni supa."

"Muzee naye! Ni uchache," wa tatu akasema. "Wanatengeneza chache tu, dunia nzima."

"Kama meno ya huyu mama wa chai."

Mama wa chai hakugeuka hata kidogo. "Hayo machache ndiyo yanakula faranga zako kila asubuhi, muzee. Kunywa, inapoa."

Wakanicheka mpaka mumoja akamwaga chai. Ndipo akasema yule wa mwisho, kijana mwembamba mwenye kuangalia video za magari katika simu yake siku nzima. Akasema mashini iko nyuma ya mugongo wa shofere, viti ni viwili basi, na gari yenyewe haikutengenezwa kwa kazi yoyote. "Haibebi gunia, haibebi jamaa. Ndiyo supa yenyewe, muzee. Mutu ameshashiba mpaka ananunua gari yenye haina kazi."

Neno lile lilinikaa. Mimi katika maisha yangu sijapata kununua kitu chenye hakina kazi. Hata mbwa wangu anajua ya kwake.

Jioni nikamusimulia bibi yangu, mama wa watoto wangu. Yeye anauza vitenge sokoni, na kwake neno supa ni la kila siku, kwani kitenge cha supa na kitenge cha kawaida bei haziko sawa, na wateja wanadanganywa kila saa. Akanitazama kama vile mutoto wa kutumwa chumvi amerudi na sukari.

"Supa haina nyuma," akasema. Akavuta kitenge akakigeuza: rangi ileile mbele, rangi ileile nyuma. "Hivi. Ya uongo ukiigeuza inapauka. Hiyo gari uliigeuza?"

"Nitageuza gari namna gani?"

"Lala chini uangalie. Si unasemaka weye ni fundi?"

Nikaenda pale ilipokuwa bado imesimama kando ya kamyo zangu, nikalala juu ya gunia, na uzee wangu wote. Nimekwisha kuona matumbo ya magari mengi: mafuta, matope, nyaya za kufungia, bulon na nati za kuazima. Ile haikuwa na tumbo. Chini ilikuwa laini, imefunikwa yote kama sahani. Kati yake na udongo, mukono wangu ukilala ulipita; ukisimama haukupita. Nikasimama nikijikung'uta, nikamwambia bibi, haipauki. Akasema, "Basi ni supa, kwisha maneno," akaendelea kukunja vitenge vyake.

Kwangu hayakwisha, kwa sababu gari ile ilikuja kuingia nyumbani mwangu.

Binti yangu wa mwisho alikuwa karibu kuolewa. Mukwe ni fundi wa umeme, na kumbe yeye na yule kijana wa dhahabu ni marafiki tangu utoto. Mukwe akaja na wajomba wake kuniomba: siku ya ndoa bibi arusi apelekwe kanisani katika gari nyekundu. Mwenye gari ataendesha, binti atakaa kando yake, siye wengine tutafuata na magari yetu.

Nikauliza, "Na mimi?"

"Papa, weye utakuwa nyuma katika jeep yako, na heshima yote."

Muelewe jambo hili. Kwetu baba ndiye anamutoa binti nyumbani. Nimeoza mabinti wanne kabla ya huyu, na wote walitoka mulangoni nikiwa kando yao, mpaka ndani ya kanisa. Sasa wa mwisho atoke kwangu na mwanaume ambaye si bwana yake wala baba yake, mimi nikila vumbi yao nyuma? Nikasema hapana. Nikasema binti wangu atakwenda na jeep.

Dada yangu mukubwa, shangazi ya bibi arusi, alikuwepo. Yeye siku zote anakaa karibu na bibi arusi, na ni mama mwenye mwili. Akaenda kuikagua gari pale penye kamyo zangu, akaomba afunguliwe sanduku ya muzigo, akaikuta mbele pahali pa mashini. Akarudi akipiga makofi.

"Jamani! Muzigo mbele, mashini nyuma! Hii gari inatembea kinyumenyume! Na miye, mutanikalisha wapi? Mutanifunga na kamba kule juu?"

Tukacheka, lakini binti yangu hakucheka. Alikuwa amesimama karibu na mulango wa jiko. Akasema polepole, "Papa, tangu niko mutoto nimekalia magunia. Kwenda shule, juu ya maharagwe. Kwenda kuona nyanya, juu ya mihogo, na kuku katika mapaja. Siku moja tu, Papa. Siku moja nikae chini kama watu."

Mutu akinikemea naweza kubishana. Akisema kweli, ninafanya nini? Jeep ilikuwa ni kumunyima yeye. Gari nyekundu ilikuwa ni kuninyima miye. Viti viwili, watu watatu. Nikafikiri siku ile yote, nikaona njia ni moja: katika ile gari shofere iko na kiti. Basi shofere ni miye.

Kijana wa dhahabu aliposikia, uso wake ukapauka kuliko kitenge cha uongo. "Muzee, hii si kamyo."

"Najua. Kamyo ingekuwa na kazi ngumu."

"Nitakufundisha kwanza, muzee. Kidogo tu. Nakuomba."

Akanifundisha alfajiri, pale penye lami, kabla ya motari kuwa wengi. Pedali ni mbili, ambreyaji ya kubadilishia gia hakuna. Muguu wangu wa kushoto, wenye umekanyaga ambreyaji tangu ujana, ukaitafuta, ukakuta freni, ukaikanyaga kwa nguvu ya kamyo. Siye wawili tukabusu kioo. Kijana akasema jina la Mungu. Mara ya pili vilevile. Mara ya tatu nikavua kiatu cha kushoto, nikaukunja muguu ule chini ya paja kama muguu wa mutu anayekula. Tangu hapo tukasikilizana, miye na gari.

Ikabaki njia. Toka nyumbani kwangu mpaka kwenye lami ni udongo mwekundu na mashimo, na mvua ilikuwa imepita. Nikapeleka kamyo ile nzee kuchukua moram, ule udongo wa changarawe, tukajaza shimo kwa shimo, wamotari wakishindilia kwa miguu kama ngoma. Penye mufereji mbele ya mulango wangu nikalaza mbao zilezile za kushushia gari. Majirani wakatoka kuangalia barabara yao ikinyooka.

"Muzee!" mumoja akaita. "Uwe unaoza binti kila mwezi!"

"Leteni wenu! Wangu wamekwisha!"

Siku ikafika. Sitaeleza nguo. Binti alitoka nyumbani, mama yake akilia kwa mudomo na kucheka kwa macho, na shangazi akiikunja ile gauni nyeupe kuiingiza mulangoni kidogokidogo, kama mutu anayejaza pamba katika chupa. Nikaingia upande wangu. Nilivua kiatu cha kushoto. Mulango ukafungwa, na kelele yote ya Mudzipela ikabaki nje.

Hapo ndipo nilishituka. Binti huyu nimemuzaa, nimemulea, nimemulipia shule mpaka akamaliza, na sikuwa hata siku moja nimekaa naye katika gari siye wawili tu. Kwangu gari haitoki bila watu. Kuna shofere, kuna mulinzi wa muzigo, kuna mama mwenye mugonjwa, kuna mutu wa kanisa anayeshukia njiani. Sasa hata shangazi hakuweza kuingia. Nikakumbuka yule motari mwembamba na neno lake la gari yenye haina kazi.

Nikaendesha polepole. Wamotari walitangulia wakipiga honi. Mbele yao kulikuwa na ng'ombe wanavuka, na mimi sikuwapigia honi. Wavuke.

"Papa," binti akasema, "watu kwa miguu wanatupita."

"Wako na haraka. Siye hatuna."

Ng'ombe wa mwisho akasimama katikati akitutazama. Nikamuuliza binti yangu, nikiangalia mbele: "Huyu bwana, unamupenda?"

"Papa! Unaniuliza leo? Ng'ombe za mahari zimeshakula majani kwako tangu mwezi gani!"

"Ng'ombe ziko na miguu. Zilivyokuja ndivyo zinarudi. Nimekuuliza."

Akatengeneza maua mapajani. Najua binti zangu. Huyu akinyamaza anatafuta neno la kweli, wengine wakinyamaza wamekasirika. Nilikuwa tayari. Mnaosoma muamini musiamini, nilikuwa nimeshaangalia pahali pa kugeuzia gari turudi.

"Anacheka ovyo," akasema mwishoni. "Na chumvi anatia nyingi. Lakini nikisema kitu anasikia, Papa. Kesho yake bado anakikumbuka. Ninamupenda."

"Basi twende."

Ng'ombe akaondoka. Tukapanda kwenye lami, njia ikanyooka mbele yetu, wamotari wakakaa kando kutupisha, na muguu wangu wa kuume ukateremka kidogo. Kidogo tu, naapa. Gari ikanguruma nyuma ya mugongo wangu, ikaruka, tumbo langu likabaki kule kwa ng'ombe. Binti akapiga kelele, kisha akacheka, ile kicheko yake ya utoto, ya juu ya maharagwe. "Tena, Papa!" Hapana, sikurudia. Lakini yule motari wa mbio nimemusamehe. Alikuwa na haki yake.

Kanisani watu walikuwa wamejaa nje. Mukwe alikuwa ndani, amesimama mbele, akingojea. Nikazima mashini, nikafungua mulango, nikaweka muguu mumoja chini. Na hapo nikakwama. Maisha yangu yote nimeshuka katika gari. Ile ni gari ya kwanza iliyonilazimu kupanda ili nitoke, na magoti yangu hayakujua kazi hiyo. Nikajaribu. Nikarudi kukaa. Watu wakaanza kuona.

"Leteni kriki ya kuinulia kamyo!" dada yangu akaita kutoka kwenye jeep. "Leteni kriki tumuinue baba arusi!"

Binti yangu alikuwa ameshatoka upande wake, bila kungojea mutu. Akazunguka mbele ya gari, gauni ameikunja juu ya mukono kama mama anayevuka maji, akanipa mikono yote miwili.

"Shika, Papa. Usinitegee. Haya, pamoja."

Akanivuta. Nikasimama. Vigelegele vikapigwa kuliko vile vya kutoka nyumbani. Kwetu wanasema baba ndiye anamutoa binti. Ile siku binti ndiye alinitoa miye, mbele ya watu wote, na sikuona haya hata kidogo. Akainama kunivalisha kiatu cha kushoto, akajinyoosha, akatia mukono wake katika mukono wangu, tukaingia.

Ufunguo wa gari ulibaki katika mufuko wangu. Kijana wa dhahabu aliutafuta mpaka jioni.