Diski Iliyomeza Harusi ya Mwende

Nitawaambia haya yote mara moja nimalize, kwa sababu kuna watu kule kijijini Kola mpaka leo wakiniona na kamera wanaanza kucheka kabla sijawasalimia, na wako na haki.

Miaka hiyo nilikuwa na kaduka ka picha na video za harusi hapa Machakos mjini, na kompyuta yangu ilikuwa imejaa mpaka inakohoa (nawaambia ukweli, ilikuwa na sauti), kwa hivyo nikanunua diski ya nje, ile ndogo ya kuchomeka kwa waya, niwe nikihifadhi kazi zangu. Aliyeniuzia aliapa iko na kasi ya ajabu. Siku hiyo hiyo Kioko, bwana harusi wa juzi, akapitia dukani kuulizia video yake, na mimi, badala ya kuijaribu diski na picha mbili tatu kama mtu mwenye akili, nikaamua kuijaribu na harusi yake nzima, yeye akiwa ameshika saa ya simu.

Hapo ndipo nilijimaliza. Nilitaka kompyuta ipate nafasi, kwa hivyo sikukopi, nilikata nikabandika. Dakika tisa, na kwenye kompyuta hakikubaki kitu.

"Ndinda, hii kitu inakimbia," Kioko akasema.

Nikavimba kichwa, nikaichomoa pale pale bila kuiambia kompyuta, ndio aone vile ni nyepesi. (Kanda za kamera nazo nilikuwa nimesharekodi harusi nyingine ya Matuu juu yake, na video ya hiyo nayo baadaye nikaiweka kwenye diski hiyo hiyo. Msiniulize.)

Jumapili mchana nikaenda Kola kwa kina Mwende, bibi harusi, na laptopu ya kuazima. Walikuwa wamefunga mapazia, wamepanga viti, wamechinja mbuzi, na mimi nimesimama mbele ya televisheni nikiisifu diski kama mhubiri: humu ndani vitu havipotei. Nikafungua faili. Ikakataa. Nikafungua tena, nikaambiwa imeharibika. Jasho likaanza, na kwa ile haraka nikabonyeza faili iliyofuata, maharusi wakatokea, nikamshukuru Mungu kama sekunde tano hivi, halafu nikagundua ni wale wa Matuu.

Na sikuzima. Hilo ndilo linaniaibisha zaidi, niliwaacha watazame nikitafuta la kusema. Nyanya yake Mwende, tuliyemwita Susu, akasogea karibu na kioo.

"Mwende amenenepa," akasema polepole.

Mjomba akauliza mbona yeye haonekani na alikuwa ameshika kipaza sauti siku nzima. Kioko akatazama sana, halafu akasema, "Huyo anayevishwa pete si mimi."

Nikazima, nikawaambia ukweli wote nikiangalia viatu vyangu. Mama yake Mwende akafuta macho na leso. "Susu hakufika kanisani," akaniambia. "Miguu ilimkataa. Hii video ndiyo alikuwa anangojea."

Hapo ningemezwa na ardhi ningeshukuru. Lakini Mwende akainuka. "Gauni liko chumbani," akasema, na akaenda kulivaa.

Kioko akaazima koti la mjomba (mikono ilimfika kwenye viwiko), mzee wa kanisa akaacha supu yake akaja kuwaapisha upya, na mahali pa keki tukaweka chapati sita moja juu ya nyingine. Nikatoa kamera kwenye mkoba nikarekodi. Walipomaliza, Susu akaomba warudie kiapo, kwa sababu Kioko alikuwa ameongea chini sana. Kioko akarudia kwa nguvu, na nyumba yote ikacheka mpaka kamera yangu ikayumba.

Video hiyo iko na nakala tatu, katika nyumba tatu. Na mtu akiniuliza leo kama diski fulani iko na kasi, namwambia sijui na sitaki kujua. Mimi nakopi, nangoja, nafungua nione kama imeingia, halafu naomba kompyuta ruhusa kwa heshima kabla sijagusa waya.