Wimbo wa Ndani

Nilikuwa mwimbaji wa bendi katika baa moja ya Dodoma mjini, miaka ile ya ruksa, biashara zilipoachiwa huru na kila mwenye ua na friji akafungua ukumbi. Bosi wetu, ili awazidi wenzake, alitaka kila Jumapili alasiri, kabla ya disko, pawe na ngoma za asili. Watumishi wa serikali na wageni wa Bunge wapate utamaduni pamoja na mishikaki.

Nikajitia kimbelembele kumleta shangazi yangu kutoka Makutupora. Yeye na wenzake wanne walipiga muheme, ngoma za wanawake wa Kigogo zinazobanwa mapajani. Alikubali kwa sharti moja.

"Nyimbo za mavuno tutapiga. Za unyago hapana. Zile ni za ndani, mwanangu."

"Sawa, shangazi."

Siku ilipofika, wateja walisikiliza kwa adabu, kisha wakaanza kupiga soga. Bosi akatazama saa. Nikaona aibu kwa ngoma ya kwetu, aibu ya kijinga kabisa. Nikashika maikrofoni na kuimba wimbo alionifundisha shangazi mwenyewe nilipokuwa mwali, wenye maneno ambayo mwanamume hatakiwi kuyasikia. Mpiga gitaa akaudaka papo hapo.

Ngoma zikanyamaza. Wanawake wote watano waliweka viganja juu ya ngozi, wakatazama chini. Ukumbi mzima ukaamka kwa miluzi na vigelegele. Niliwaona shangazi na wenzake, na bado nikarudia kibwagizo.

Shangazi hakunigombeza. Alifunga ngoma yake kwa khanga, akakataa soda, akasema wanawahi kwao. Nami niliendelea kuuimba wimbo ule kila Jumapili, miaka mingi, kwa kuwa watu waliuomba. Ningeweza kukataa.

Majuto ni mjukuu, wasemavyo, lakini yangu yaliwahi, yalikuja na binti. Alipovunja ungo nilimpeleka Makutupora. Shangazi aliitikia shikamoo yangu vizuri, akamshika mtoto mkono, wakaenda kwenye nyumba ya mwali. Nilipotaka kuwafuata, alinigeukia.

"Wewe kaa huku na wanaume."

Nilikaa na kaka zangu. Ngoma zilisikika kwa mbali, bila maneno. Mdundo wa wimbo wangu naujua hata usingizini, na haukupigwa. Walikuwa na wimbo mwingine sasa.

Tulipokuwa tunarudi mjini nilimuuliza binti yangu wamemfundisha wimbo gani. Aliinamisha uso.

"Bibi amesema ni wa ndani, mama."