Mkwe Hamkamati Mkwe

Nsimire hakuumbiwa kiti. Tangu utotoni Bukavu, kule Kadutu, mama yake alikuwa akimtuma chumvi, naye anarudi na chumvi pamoja na habari za soko zima: nani kagombana na nani, na nani hasa alikuwa na haki. Baadaye, kwenye kambi ya wakimbizi Uganda, ndiye aliyesimama bombani akiwatoa kwenye foleni wale wanaojipenyeza mbele na madumu yao. Hakuna aliyemchagua. Alijichagua. Déo, kijana mpole asiye na haraka hata ya kumeza, alimwona siku anamtoa kwenye foleni mwanaume mzima mwenye ndevu, akasema moyoni, ni huyu. Watu wakamwambia, ndugu, unaoa vita. Akaoa.

Sasa wako Sydney, wanakaa Fairfield, na Déo anaendesha lori la makontena kutoka Port Botany. Nsimire alianzia kiwandani, akifungasha mboga, akachoka kusimama mahali pamoja. Akaenda kwenye kazi ya kutunza wazee majumbani: kuogesha huyu, kumpa dawa yule, kuingia garini, kutoka garini. Wazee walimpenda. Wengine walikuwa wakimsubiri dirishani. Lakini moyo wake haukutulia. Usiku anageuka kitandani mpaka Déo anamuuliza kama godoro lina kunguni.

Kilichomwasha ni kitu kidogo. Siku moja, nje ya stesheni ya Fairfield, alimkuta mzee wa Kikongo amepotea, analia, na askari polisi wa kike amekaa chini kando yake kwenye ukingo wa barabara, kofia iko magotini, anajaribu kumsikia. Nsimire akatafsiri, mzee akapelekwa kwake. Wakati wa kuagana yule askari akamwambia, watu kama wewe tunawahitaji. Alisema tu, kama mtu anavyosema karibu chai. Lakini Nsimire, jamani, akiambiwa karibu chai anaingia na viatu na anavuta kiti.

Akapeleka maombi. Akafanya mitihani ya kuandika, akapita. Ikabaki ya mwili: mbio za kwenda na kurudi, na kila mlio ukilia unaongeza mwendo mpaka roho inataka kutokea mdomoni. Akipita hapo, ni chuo kule Goulburn, miezi ya kulala mbali na watoto. Siku ya mbio ilikuwa Jumatatu. Na nyumbani kwake hakuna aliyejua hata neno.

Alificha kwa sababu ya mama mkwe wake.

Mama Kyakimwa, mama yake Déo, ni mwanamke mfupi mwenye sauti ya chini, na katika nyumba ile sauti ya chini ndiyo iliyotawala. Yeye ndiye aliyembeba mjukuu wake Divine mgongoni kule kambini wakati Nsimire anahangaika na foleni zake. Lakini gari la polisi likipita mtaani, Mama Kyakimwa huenda dirishani, anavuta pazia, anabaki amesimama nyuma yake mpaka sauti iishe. Zamani, kwenye kizuizi kimoja njiani kwao Congo, wanaume wenye sare walimteremsha na biashara yake, wakamfungia. Habari hiyo hakuisimulia. Ilijulikana tu, kama ukuta unavyojulikana gizani. Divine, aliyezaliwa kambini na kukulia hapa, aliwahi kumuuliza bibi yake kwa Kiingereza kwa nini anaogopa polisi wazuri. Bibi akamwambia akale.

Sasa umwendee mama huyo umwambie, Mama, sare ile ile nataka kuivaa mimi, niitundike kwenye kabati la mwanao? Nsimire alijaribu mara nyingi. Alikuwa akifika mlangoni mwa chumba cha mama mkwe, anauliza kama anataka chai, anaondoka. Chai ilinywewa nyingi sana mwaka ule.

Mungu si Athumani, akamleta Wilkister.

Wilkister ni muuguzi, Mkenya wa Kisumu anayeishi Penrith, na ana ugonjwa mmoja usio na dawa: kutengeneza filamu. Kila wikendi anakusanya wanawake wa Kiafrika anawapiga picha. Safari hii ilikuwa filamu ya kuchekesha, wanawake wanaosomea upolisi: mmoja anaogopa mbwa, mwingine hawezi kukimbia bila kushika wigi, mwingine akimkamata mwizi anamuuliza kwanza kama ameshakula. Jina la filamu lilibadilika kila Jumamosi. Nsimire akapewa kuruta mkali kuliko wote, yule anayetaka kumkamata kila mtu. Hakuhitaji kuigiza sana.

Na hapo akapata kichaka cha kujificha. Akitoka alfajiri kukimbia, anasema, ni ya filamu. Akipiga pushapu jikoni, ni ya filamu. Viatu vya kukimbilia alivinunua vizuri, akavificha nyuma ya mashine ya kufulia, maana viatu vile vilikuwa vizito mno kwa uongo mwepesi. Simu za polisi alizipokelea bafuni, maji yakitiririka. Déo alicheka, akawaambia wenzake bandarini kwamba mke wake atakuwa nyota. Mama Kyakimwa hakucheka. Alimtazama tu Nsimire akila.

Jumamosi ile ya mwisho, siku mbili kabla ya mbio, Nsimire aliamka ameshaudhika. Viatu havikuwepo nyuma ya mashine. Akapekua nyumba nzima kwa macho tu, maana angeuliza, angeulizwa. Akaenda kwenye ukumbi waliokodi kwa ajili ya filamu na raba za zamani, roho iko juu juu.

Mwezi wa sita, baridi ya kutia vidole ganzi. Kuruta wote wamevaa mashati ya bluu ya mitumba, na Wilkister anazunguka na kamera huku anajililia.

"Yawa! Mama Irankunda ameitwa kazini. Sasa mwizi wangu nitamtoa wapi? Ukumbi wanautaka leo jioni!"

Mama Irankunda, mzee wa Kirundi, ndiye angekuwa mwizi: bibi anayeficha mali ya duka zima ndani ya kitenge, na kuruta anampekua anatoa kitu baada ya kitu. Ndiyo sehemu waliyoitegemea kwa kicheko.

Mlango ukafunguka. Akaingia Mama Kyakimwa na sufuria ya sombe, kisamvu cha kwao, kwa ajili ya waigizaji, amevaa koti kubwa la Déo juu ya vitenge viwili. Akaweka sufuria chini, akasikiliza kilio, akasema:

"Munatafuta muzee? Mimi si muzee?"

Nsimire alitaka ardhi ipasuke immeze. Mama mkwe wake, aliyevuta mapazia miaka yote hii, anataka kukamatwa mbele ya kamera? "Mama, ni kazi ya kuchosha," akasema. "Mama, kuna baridi. Mama, watakupigia kelele."

"Nani atanipigia kelele? Si wewe?"

Wilkister hakungoja. Akampanga katikati ya ukumbi, akampa jina lake mwenyewe ili asihangaike kukumbuka: mwizi ataitwa Kyakimwa. Kuruta amwite kwa sauti, amwamuru asimame, ampekue. Anza!

Nsimire akaenda kwa hatua za kiaskari. Alipofika mbele ya mama mkwe wake, magoti yenyewe yakajikunja, mikono miwili ikatangulia.

"Jambo, Mama. Umeamkaje?"

"Kata!" Wilkister akapiga kelele. "Nsimire, aki! Mwizi hasalimiwi!"

Wakarudia. Safari hii magoti aliyashinda, lakini jina likamkwama. Nsimire alilelewa hivi: mama wa mume hatajwi jina, haamrishwi, na mkono wako hauingii kwenye nguo yake labda awe mgonjwa. Akafungua mdomo, akatoa, "Wewe... Mama Déo... simama kidogo kama hutajali." Wanawake wakaanguka kwa kicheko. Aliyeshika wigi akaliachia.

"Kata! Basi mpekue tu," Wilkister akasema, machozi ya kicheko yakimtoka. "Jina tutalitia baadaye. Na hapa sikati tena, potelea mbali."

Nsimire akaanza kupekua kwa ncha za vidole, uso ameugeuzia ukutani. Mbele, kwenye mkunjo wa kitenge, akatoa mwiko. Kicheko. Upande wa kulia, pakiti ya ndagala, dagaa wa kwao. Kicheko. Mama Kyakimwa alikuwa amejipanga tangu nyumbani, bila shaka Mama Irankunda alimpigia simu mapema; hilo likaanza kumwingia Nsimire taratibu, na jasho likamtoka na baridi ile. Upande wa kushoto mkono ukagusa kitu kigumu. Akavuta.

Ni kiatu chake cha kukimbilia.

Ukumbi ukalipuka. Kwao ni kituko: bibi kaiba kiatu kimoja! Nsimire alisimama nacho mkononi, amekauka. Mama mkwe akamtazama usoni, na sauti yake ilipotoka, ikawa ile ile ya chini.

"Afande. Hiki kiatu ni cha nani?"

Kicheko kikapungua. Nsimire akapiga magoti, mara hii hakuna aliyemkaripia.

"Changu, Mama."

"Filamu gani inakimbia asubuhi giza, kamera ikiwa imelala Penrith?"

"Si ya filamu, Mama." Akaona hakuna tena pa kukimbilia, yeye aliyekimbia mwaka mzima. "Nataka kuwa polisi wa kweli. Jumatatu wananipima mbio. Niliogopa kukwambia. Bado naogopa."

"Najua ni Jumatatu. Unafungua maji bafuni, unafikiri maji yanaziba masikio yangu." Mama Kyakimwa akavuta koti la Déo kifuani. "Mimi ile nguo siipendi. Sitaipenda. Ukirudi nayo, uivulie kwenye gari, mule ndani ya nyumba isiingie."

"Ndiyo, Mama."

"Kule, wale walionishika, nilikaa mikononi mwao siku nyingi. Walichukua kila kitu. Na hakuna hata mmoja aliyeniuliza jina. Waliniita wewe." Hapo sauti ikakwaruza kidogo, akaikohoa. "Nimekuja nione wewe utanishika namna gani. Nimekupa nafasi mbili. Moja umeniamkia, moja umeniita wewe."

Wilkister alikuwa ameishusha kamera na hajui kama ameishusha.

Nsimire alilia waziwazi, kamasi na yote. Alisikia aibu, na chini ya aibu alisikia hamu ile ile iliyomtesa mwaka mzima, haijapungua hata chembe, na hilo lenyewe likamtia aibu zaidi. Angeambiwa acha, angeacha kweli? Hakujua. Hilo ndilo lililomtia hofu kuliko mama mkwe.

"Simama," Mama Kyakimwa akasema. "Polisi hapigi magoti. Anza tena, na usinichekeshe."

Akasimama. Akajifuta kwa mkono wa shati la mitumba. Akarudi hatua kadhaa nyuma, akaja, magoti yakamwomba yajikunje, akayanyima. Mtoto wa watu, miaka yote ya ndoa, jina hilo halijawahi kupita kwenye meno yake.

"Kyakimwa," akasema.

"Niko," mama mkwe akajibu mara moja.

"Naomba nikupekue. Nitakuwa taratibu." Akampekua mbele, kulia, kushoto, kwa viganja vizima sasa, kama alivyowashika wazee wake wa kila siku, kwa uhakika na kwa upole. Akamaliza. Akasita. Kisha akatoa amri, jambo ambalo mara ya kwanza hakulithubutu kabisa. "Geuka, tafadhali."

Mama Kyakimwa akageuka. Nsimire akaliinua koti la Déo. Mgongoni, pale pale alipokuwa akibebwa Divine, kiatu cha pili kilikuwa kimefungwa kwa kitenge, fundo limekazwa vizuri kisianguke. Akakifungua. Kilikuwa kimesuguliwa mpaka soli imerudi nyeupe, na kamba zake zilikuwa mpya.

"Vilikuwa na matope," mama mkwe akasema, bado amempa mgongo. "Sasa kula, sombe inapoa. Halafu nenda ukakimbie."